Sura ya Sita: Usianze kwa Kupiga Windows

Alikuja baada ya magharibi, laptopu imefungwa kwenye khanga, waya wa chaja umening'inia begani. Ni jirani yetu hapa Ngamiani, mtu mzima, katibu wa kikoba cha akina mama thelathini. Hesabu zao zote ziko kwenye mashine ile moja: hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Natoka kwa fundi. Amesema niiache, kesho ataipiga Windows, elfu ishirini, itarudi kama mpya.”

“Na daftari la kikoba?”

“Si limo humo humo.”

Nikamuuliza ilianzaje. Kwanza ilichelewa kuwaka, akaizoea. Kisha ikawa inaganda kila akifungua daftari la mikopo. Mafaili mengine yanafunguka bila shida, hilo moja tu ndilo linaloigandisha. Wiki hii imeanza kulia: tik, tik, kimya, halafu tik tena. Akaanza kuifungua khanga ili aiwashe nisikie mwenyewe. Nikaweka mkono juu ya kifuniko.

“Usiiwashe, mama.”

Fundi yule simlaumu. Mashine nyingi zinazoganda, dawa yake kweli ni kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Ni kazi ya saa moja, mteja anaondoka anacheka, na chumba cha fundi kinapata kodi. Ubaya ni kwamba fundi anatengeneza mashine, na mama hakuleta mashine. Alileta hesabu za watu thelathini ambazo kwa bahati mbaya zimekaa ndani ya mashine. Hivyo ni vitu viwili, na kinachotibu kimoja huweza kukiua kingine.

Ule mlio kwanza, maana wengi huupuuza. Laptopu yake ni ya miaka kadhaa iliyopita, yenye diski ya kuzunguka. Ukiifungua diski ya namna hiyo (usiifungue) utakuta sahani inayong'aa kama kioo na mkono mwembamba kama ule wa santuri. Katika laptopu nyingi sahani ile huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kila sekunde, na kichwa kilicho kwenye ncha ya mkono huelea juu yake bila kuigusa, kikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko. Umbali kati yao ni nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa nanomita elfu themanini hivi. Kwa kichwa kile, punje ya vumbi ni mlima. Ndiyo maana diski iliyofunguliwa mezani kwa fundi, feni ikipuliza juu, huwa imeshakufa hata kama bado inazunguka.

Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, uzito wake ulifika kama tani moja, na ilibeba herufi milioni tano, ambazo leo hazitoshi hata kwa picha mbili tatu za simu. Tangu hapo kila kitu kimekuwa kikipungua: ukubwa, bei, na ile nafasi kati ya kichwa na sahani. Mlio wa tik ni kichwa kilichoshindwa kusoma mahali fulani, kikarudi kituoni kwake, kikajaribu tena, kikashindwa, kikarudi. Kila jaribio ni nafasi nyingine ya kuikwaruza sahani. Kwa hiyo mtu anayewasha mashine mara kumi “kuona kama leo itakubali” anatumia uhai mdogo uliobaki kwa kutazama nembo ya Windows.

Na kufuta je? Watu hudhani faili likifutwa husuguliwa likatoka. Kwenye diski ya kuzunguka sivyo. Kompyuta huenda kwenye orodha yake na kuandika kwamba kiwanja fulani hakina mwenyewe tena. Nyumba bado imesimama pale na samani zake. Ramani tu ndiyo inayosema pako wazi. Maafa huja pale kiwanja kinapogawiwa mtu mwingine, naye akaja na tingatinga. Kupiga Windows ni kugawa maelfu ya viwanja kwa mpigo. Baada ya hapo hata mwenye vifaa vya mamilioni atakusanya matofali tu.

Kuna na jaribu la pili, ambalo huponza hata wajuzi: programu ya kukagua diski inayokuja na Windows, chkdsk. Jina lake la upole limewadanganya wengi. Kazi yake ni kuhakikisha orodha inalingana na kilichopo, na likipatikana faili lisiloeleweka hulikata au kulitupa ili orodha ikae sawa. Kwenye diski nzima iliyochanganyikiwa kwa sababu umeme ulikatika, inafaa sana. Kwenye diski inayokufa ni kama kumwambia mgonjwa wa moyo akimbie uwanja mzima ili tuone amechoka wapi.

Basi tukafanya hivi. Nilichomoa chaja na betri, nikafungua skrubu za chini, nikaitoa diski. Nikaichomeka kwa waya wa kutoka SATA kwenda USB kwenye laptopu yangu, ambayo niliiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi. Natumia Linux hapa kwa sababu moja ya kimatendo: Windows ikiona diski ngeni yenye hitilafu hujitia ukarimu, ikauliza kama uiruhusu irekebishe, na kidole cha mtu aliyechoka hubonyeza ndiyo. Pembeni nikaweka diski nyingine ya nje, nzima, kubwa kuliko ya mama, ya kupokea.

Kabla ya kunakili nikasoma cheti cha afya. Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu zinazoitwa SMART, na humo mimi hutazama mistari miwili kwanza: idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na idadi ya zile zinazosubiri kuamuliwa. Kwenye diski yenye afya zote mbili ni sifuri. Za mama zilikuwa mamia. Mashine ilikuwa imeandika wosia miezi mingi, hakuna aliyeusoma.

Programu niliyotumia ni ddrescue, kazi ya Antonio Díaz Díaz, na haiuzwi. Ni ya bure. Hainakili faili moja moja. Hunakili diski yote kama ilivyo, sekta kwa sekta, na hekima yake iko kwenye mpangilio: inachukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, ikifika penye ubovu inaruka, inaendelea, na mwishoni kabisa ndipo inarudi kuchokonoa zile sehemu mbaya. Diski ikifa katikati ya kazi, angalau imekufa ikiwa imeshatoa kilicho chepesi. Ukiburuta kabrasha kwa kipanya mambo huwa kinyume: unakwama kwenye faili bovu la kwanza na kupoteza nusu saa ya uhai wa diski hapo hapo.

Wapo wanaosema uchukue kwanza lile faili moja muhimu, ndipo uhangaike na mengine. Kama diski inaonekana kubakiwa na dakika chache, nakubaliana nao. Na kama inalia tu na mashine haiitambui kabisa, acha. Hakuna programu itakayosaidia, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya laptopu mpya. Swali linabaki kwa mwenye mali: hesabu hizi zina thamani gani?

Diski ya gigabaiti 500 iliyo nzima ningeinakili kwa saa moja na nusu hivi. Hii ilikwenda usiku kucha. Saa nane usiku nikashtuka, feni ya dari imesimama. Si mgao, ni uniti zangu za LUKU zilizokwisha, nami nilikuwa nimeona tangu mchana kwamba zinakaribia. Laptopu ilibaki hai kwa betri yake, lakini diski ya kupokea inategemea umeme wa ukutani, ikazima. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba ddrescue huandika daftari dogo la safari: imefika wapi, imeruka wapi, imeshindwa wapi. Nilinunua umeme kwa simu gizani, nikaingiza namba zote ishirini, nikaiambia iendelee, ikaendelea pale pale ilipoachia.

Asubuhi ilikuwa imeokoa karibu kila kitu. Kilichokosekana hakikufika megabaiti kumi. Mama alipokuja nikamwonyesha picha za harusi ya mwanawe, barua, risiti, mafaili ya kikoba ya miaka ya nyuma. Kisha nikafungua daftari la mikopo la mwaka huu. Likakataa.

Ingekuwaje vingine? Mashine ilikuwa inaganda hasa likifunguliwa faili lile, kwa sababu lilikuwa limekaa juu ya zile sekta zilizooza. Tena daftari la Excel la siku hizi ni furushi lililobanwa. Likipungukiwa kipande kidogo mahali pabaya, furushi zima hugoma kufunguka. Nilijaribu njia mbili tatu za kulikarabati, zikanipa safu za namba zisizo na majina. Mama akakaa kimya, akakunja ncha ya khanga kidoleni.

“Lakini kila mwisho wa mwezi,” akasema taratibu, “mimi humtumia mweka hazina kwa WhatsApp. Yeye hata hafungui.”

Lilikuwa humo, kwenye simu ya mweka hazina, limezikwa chini ya video za mapishi na salamu za Ijumaa. Lilikuwa la siku ishirini na mbili nyuma. Siku zilizobaki tulizijaza kutoka vitabu vya wanachama, vile vidogo vya karatasi vyenye mihuri, jioni mbili za kazi. Hakuna aliyewahi kuita WhatsApp ile bekapu, na vitabu vile hata zaidi. Lakini nakala rudufu haina sifa nyingine: ni kitu kile kile, mahali pengine, ambapo balaa la hapa halifiki.

Aibu hii si ya watu wadogo peke yao. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar kule California ilikuwa katikati ya kutengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu mmoja akaendesha amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wahusika wa filamu wakaanza kutoweka kwenye seva mbele ya macho ya wafanyakazi. Wakakimbilia nakala zao za akiba, wakagundua zilikuwa mbovu kwa muda bila mtu kujua. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua na hivyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala ya filamu. Wakaenda kuichukua kwa gari, wameizungushia mablanketi. Filamu ikatoka mwaka uliofuata. Nikimkumbuka mama na khanga yake huwa najiuliza kama kuna mtu aliyewahi kubeba data kwa staha kuliko hao wawili.

Yote niliyosema yanahusu diski ya kuzunguka. Laptopu mpya nyingi zina SSD, ambayo haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, za ukoo wa kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Ina kasi, haiogopi kutikiswa kwenye daladala, na ningemshauri yeyote ainunue. Ila ina tabia mbili za kujua. Hufa bila kukohoa: jana nzima, leo mashine inadai haina diski. Na kwenye mashine za kisasa mfumo huijulisha mara moja kwamba faili limefutwa, nayo husafisha zile nafasi kwa wakati wake. Mfano wangu wa nyumba na ramani hapo unakoma, tingatinga linakuja lenyewe.

Halafu kuna kufuli. Laptopu nyingi zinazokuja na Windows 11 husimba diski yote kwa BitLocker, mara nyingi mwenyewe hana habari. Siku ukibadilisha madabodi, au ukigusa mipangilio ya BIOS, unakutana na skrini ya buluu inayoomba tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza, na wengi akaunti hiyo walifunguliwa na muuzaji dukani, kwa nywila aliyojua yeye. Ingia leo kwenye akaunti yako, uutafute ufunguo, uandike kwenye karatasi. Usipoupata, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi wa kukutolea mafaili yako humo.

Mafaili yakishakuwa salama, matengenezo yanageuka kazi ya raha. Hapo hata ukikosea umekosea kwenye chuma. Mimi huanza na vya bei ndogo. Mashine haiwaki kabisa: jaribu chaja nyingine ya volti ile ile, kisha chomoa kila kitu, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, urudishe. Inawaka lakini kioo cheusi au inalia milio: toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, irudishe hadi ilie “kliki”. Sitasahau nyuso za watu waliokuwa tayari kununua madabodi na wakapona kwa kifutio cha shilingi mia mbili.

Inazima yenyewe ikipata moto? Fungua feni. Kwetu pwani utatoa humo blanketi la vumbi, na chini yake ile dawa ya kupitisha joto imekauka kama udongo wa kiangazi. Pwani ina adui mwingine ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana: chumvi ya hewani. Chumvi hunyonya unyevu, unyevu wenye chumvi hupitisha umeme, na shaba taratibu huvaa kutu ya kijani. Mswaki laini na alkoholi ya isopropili husafisha mengi yaliyohukumiwa kifo. Chai ikimwagika kwenye kibodi, zima hapo hapo, toa umeme, igeuze, na usiipeleke kwenye gunia la mchele; mchele haunyonyi kilichojificha chini ya chipu, na chai yenye sukari na maziwa huacha utando usiokauka ukaisha. Na betri ikivimba hadi kifuniko kikainuka, usiibonyeze wala kuitoboa. Itoe, iweke mbali na vinavyoungua, nunua nyingine.

Mama alihitaji diski tu. Tukaweka SSD ya gigabaiti 256, na hapo ndipo, kwa raha zetu, tukapiga Windows. Windows 10 aliyokuwa nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haina sifa za Windows 11, kwa hiyo tulizungumza kuhusu Linux. Akaniuliza kama Excel yake itafanana. Nikamwambia ukweli, kwamba itafanana kama ndugu, si kama pacha. Akachagua kubaki na aliyoizoea, na hesabu zitunzwe pia kwingine.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kumiliki flashi. Flashi iliyokaa kabatini miaka bila umeme huweza kusahau, CD za kuchoma nyumbani hubabuka, na diski ya nje iliyochomekwa muda wote hufungwa na virusi vya kudai fidia pamoja na laptopu yenyewe. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa mama tuliipunguza iingie kwenye bando lake. Daftari lote la kikoba ni kilobaiti mia chache, dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo kulipandisha kwenye wingu kila Ijumaa baada ya kikao hakuli kitu. Flashi moja inakaa kwa mwenyekiti, mtaa wa pili. Picha za harusi, ambazo ni nzito, tuliziweka kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa mwezi na kuchomolewa.

Kisha nikamfanyisha mtihani ambao Pixar hawakuufanya. Nikazima laptopu yake, nikampa ya kwangu, nikamwambia afungue daftari kana kwamba yake imeibiwa. Nywila ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu alikwenda kuiulizia kwa mjukuu. Ilituchukua dakika arobaini, na tungekuwa tumezitumia siku ya msiba kama tusingezitumia siku ile.

Alipokuwa anaondoka nilimwambia ile diski ya zamani aniachie, nina kopo la vyuma vibovu. Akaitazama, akaitazama na ile rafu yangu yenye mashine za watu wengine.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Humu mna madeni ya watu.” Akaifunga kwenye ncha ya khanga, mafundo mawili, akaenda nayo.